Makochi Nje, Magodoro Ndani

Jumanne, 10 Juni 2025

Leo nimeanza kazi ya sauti! Mimi, Doto, Mama Shigela wa Somanda, niliyeishia darasa la nne. Nuruddin muuza magodoro anafungua duka la pili kule stendi. Anataka tangazo la kuzungushwa mjini kwenye guta lenye spika. Wa kulisema hajampata. Mimi nimesikia kwanza, kama kawaida. Nikasema mdomo huu watu wameusema miaka yote, sasa utaajiriwa.

Nikarekodi kwa simu, sebuleni, nimesimama wima kama askari. Nikampelekea Marcelo, yule wa kibanda cha kuweka nyimbo kwenye simu. Ndiye anamtengenezea Nuruddin. Akasikiliza, jicho moja amefumba. Akasema maza, sauti unayo, ila ni kama umetumbukia kwenye simtanki. Mwangwi! Akauliza nyumbani tunakaa wangapi. Nikamwambia mimi na kuku. Akasema basi ndiyo hivyo, nyumba tupu inarudisha maneno. Inataka vitu laini vya kuyameza.

Nilivyorudi nikajaribu. Nikasimama sebuleni, nikasalimia Kisukuma, "Mwangaluka!" Nyumba ikajibu. Kumbe huo ndio ugonjwa. Mimi siku zote nilidhani ni adabu yake.

Na Lucy wa nyumba ya pili naye kapeleka sauti! Lucy! Anaimba kwaya tu, basi anajiona redio. Kwake wajukuu kila kona, mwangwi hauna hata pa kukaa. Nuruddin ataamua Jumamosi.

Hili daftari ni la Jiografia la Shigela, kaacha kurasa tupu nyingi. Yeye yuko Dar, simu hapokei, yuko bize. Daftari kwa umbea si zuri, halisemi "enhe?" Ila halikimbii.

Jumatano, 11 Juni

Trei za mayai! Nimeona kwenye simu, wazungu wanazibandika ukutani. Muuza chipsi kanipa lundo, nikamsimulia habari za mke wa fundi baiskeli, tumemalizana. Gundi sina. Nikapika uji mzito wa mahindi, nikabandika nao ukuta mzima. Ukapendeza! Nikaenda kunawa. Kurudi, kuku wote wako ndani wanakula ukuta. Trei chini, jogoo kasimama juu yake anawika. Na nilipowika mimi kumfukuza, mwangwi ulikuwa uleule.

Nikaenda kwa Nuruddin kuazima magodoro mawili matatu mpaka Jumamosi. Akacheka mpaka kofia ikasogea. Akasema bi Doto, godoro langu ukishalilaza kwako ni mtumba, nitamuuzia nani.

Nikaenda kwa Luhende. Huyu ndiye mkubwa wa wanzengo, yaani sisi majirani tunaozikana. Ana chumba kizima cha pamba anasubiri kuipeleka kwenye mzani. Nikamwambia baba, ilaze pamba yako kwangu, bure, nyumba kubwa. Akafikiri. Akasema mayu, yaani mama, pamba yangu ni safi, daraja la kwanza. Ikikaa siku mbili inasikiliza maneno yako itakuwa fifi, ile chafu ya daraja la pili. Wanaume wote pale wakacheka. Na mimi nikacheka, nifanyeje. Ila nimetia moyoni.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimerekodi ndani ya kabati la nguo. Marcelo ndiye kasema. Nikajibana, nikavuta mlango. Wee! Sauti nzuri, nzito, kama mtu mwenye cheo. Nikasema "Godoro! Godoro la Nuruddin..." halafu pua ikagusa koti la Baba Shigela. Lile la kuendea mnadani. Bado linanuka tumbaku. Maneno yakakata.

Nimetoka. Kabati halifai, lina mtu.

Jioni nilikaa kibarazani nione anayepita nimsalimie. Hajapita mtu wa maana. Nikampigia Kulwa, pacha wangu, yuko Nassa kwa mumewe. Hakupokea. Hajakanyaga kwangu tangu nilipowasimulia watu, kwenye kipaimara cha mtoto wake, habari ya meno ya bandia ya mume wake. Mimi nilijua watu wanajua!

Ijumaa, 13 Juni

Mungu wangu. Naandika. Na nacheka. Na bado nina machozi. Ngoja nianze mwanzo.

Asubuhi nikapata akili. Makochi yangu yamekaa na nailoni yake ya dukani mpaka leo, nayatunzia wageni. Nailoni inapiga kelele ukiigusa, na sauti inateleza juu yake. Basi nikayatoa yote, nikayapanga nje ukutani. Nikaingiza godoro langu, la Shigela, na mikeka yote, nikatandaza sakafuni. Khanga nikatundika ukutani. Nikafunga mlango na madirisha, jogoo asinichangie. Nikajifunika blanketi gubigubi, nikaanza zoezi la koo alilonifundisha Marcelo. Aaaaah! Uuuuuh! Iiiiih! Kwa nguvu, kutoka tumboni.

Sasa hebu niambie. Makochi nje. Magodoro chini. Mlango umefungwa mchana kweupe. Na mwanamke ndani anapiga aaah na uuuh. Muulize mtu yeyote wa Bariadi hicho ni kitu gani. Ningeyaona mimi kwa jirani, ningekuwa wa kwanza kufika na kuni za msiba.

Mlango ukasukumwa. Natoa kichwa kwenye blanketi, Lucy! Khanga kiunoni, machozi yanachuruzika. Akanirukia shingoni, akapiga yowe. Mimi nikajua basi, kaniletea habari ya msiba. Nikapiga langu. Tukaanguka wote kwenye godoro. Nilikuwa sijui aliyekufa ni nani, lakini unalia kwanza, unauliza baadaye. Ndiyo adabu. Kina mama wakawa wanaingia, kila anayeingia analia. Na mimi kila akiingia mmoja nazidi kuogopa. Nasema huyu aliyekufa atakuwa mtu mkubwa sana!

Tulivyopumzika nikamuuliza Lucy taratibu, mwenzangu, kwani tunamlilia nani. Akanitazama. Akasema, si utuambie wewe.

Hapo ndipo nilitakiwa niseme. Nilifungua mdomo, haki ya Mungu. Nikasema, "Jamani..." Na lile neno likakaa palepale! Halikurudi! Nikaangalia. Sebule imejaa, watu bega kwa bega, khanga, mashuka, watoto mgongoni. Laini mpaka dirishani. Nje moto umewaka, sufuria kubwa imetengwa, mtu kaleta unga, mtu kaleta michembe ya viazi. Luhende na wazee wamekaa kwenye makochi yangu, nailoni wameshaichana. Nuruddin huyo, kaja na kofia yake kutoa pole, nyuma yake guta la magodoro mapya, wafiwa wapate pa kulala. Yaleyale! Na leo sikuyaomba!

Nyumba hii haijajaa hivi tangu tanga la Baba Shigela. Nikafunga mdomo.

Wakajipangia marehemu wenyewe. Nikasikia wananong'ona ni Kulwa, maana Doto angemlilia nani mwingine hivi. Mimi sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nikasema habari kamili bado.

Nikajiambia narekodi mara moja tu, halafu nawaambia ukweli. Nikaomba tunyamaze kidogo. Wakanyamaza, vichwa chini. Nikaingia kwenye blanketi na simu. "Godoro! Godoro la Nuruddin! Lala kama mtoto, amka kama dume la ng'ombe!" Safi! Sauti imenyooka kama uzi! Nikasikia mama mmoja anasema maskini, uchungu umempanda kichwani, leteni maji.

Nimefika kwenye "karibuni nyote, hakuna atakayejuta," mlango ukafunguka. Kulwa.

Kumbe kuna mtu kapeleka salamu Nassa kwamba kwa Doto kuna msiba. Wa kule wakajua kwa Doto kuna nani mwingine zaidi ya Doto. Kulwa kapanda gari analia mpaka Bariadi, anakuja kunizika. Na hawa wa ndani wanamlilia yeye. Na sura yetu ni moja.

Sijawahi kuona watu wazima wakipita dirishani. Lucy alipiga kelele "Mzimu!" akatoka na khanga zangu za ukutani. Luhende, na mgongo wake ule, karuka kochi. Kulwa anaona watu wote wanamkimbia, naye anageuka nyuma aone wanakimbia nini. Ndiyo nikatoka kwenye blanketi, mweupe kwa vumbi la godoro. Akaanguka chini kama gunia.

Alivyoamka akanishika. Akanibana, mbavu zangu zinalia. Muda mrefu. Halafu akanizaba kofi.

Jumamosi, 14 Juni

Kulwa kalala kwangu. Tumelala godoro moja kama tulipokuwa watoto. Alinipa mgongo, ila lilikuwa moja. Bado anakoroma kama zamani. Sikusinzia, nilikuwa namsikiliza. Ukiwa na mtu anakoroma ndani, nyumba hairudishi kitu.

Asubuhi wanzengo wakakaa. Nikaelezea yote, mwangwi, trei, kuku. Hakuna aliyecheka, hata pale pa jogoo. Luhende akasema mayu, watu wameacha pamba shambani. Akasema siku ukifa kweli tutakuja kesho yake, tukishahakikisha. Adhabu yangu: nipike kesho, niwalishe wote walioacha kazi.

Usoni nikaweka huzuni. Moyoni, kigelegele! Watu wote hao, kwangu, Jumapili!

Halafu Luhende akamalizia. Chakula kitaliwa kwake. Mimi nipeleke sufuria, niziache mlangoni, nirudi. Na mtu asikanyage kwa Doto mpaka mwezi uishe.

Mchana kwa Marcelo. Nuruddin kaja kusikiliza. Sauti safi, Marcelo mwenyewe kashangaa, akasema maza hapa hakuna mwangwi hata punje. Inafika "hakuna atakayejuta," halafu yowe, "Mzimu!" na vishindo vya watu wanakimbia. Nikamwambia Marcelo akate. Akasema yowe limeingia juu ya maneno, haviachani. Nuruddin kavua kofia, kavaa. Akasema bi Doto, nani atanunua godoro linalofufua wafu? Kachukua ya Lucy. Ya Lucy ina mbuzi ndani na mtoto anaomba kwenda kujisaidia! Nuruddin anasema hiyo ndiyo nzuri, inaonyesha kuna familia.

Kulwa kaondoka jioni. Mlangoni akasema nikisikia tena umekufa, nitasubiri habari ya pili. Ila kabla ya kupanda bodaboda karudi, akanifunga khanga vizuri, akasema umekonda.

Jumapili, 15 Juni

Nimepika wali na kuku. Yule jogoo! Kafa kwa faida. Nikapeleka sufuria mlangoni kwa Luhende, nikaweka chini, nikarudi. Wamekula. Nimewasikia toka huku. Lucy alikuwa anasimulia alivyotoka dirishani, wanacheka mpaka wanakohoa. Anasimulia vibaya, kasahau la Luhende kuruka kochi. Nikasogea kwenye uzio nimkumbushe. Wakanyamaza. Nikarudi.

Shigela kapiga simu! Yeye mwenyewe! Alisikia msiba, kauliza mama upo? Nikasema nipo. Akasema aa, basi sawa, niko kazini. Lakini kapiga!

Sufuria zimerudishwa mlangoni usiku usiku, zimeoshwa. Hakuna aliyepiga hodi.

Jumatano, 18 Juni

Makochi nimeyarudisha. Nuruddin kachukua magodoro yake, kayanusa moja moja. Sebule tupu. Nikasema "Mwangaluka." Ikajibu. Nikasema kumbe upo.

Guta la Lucy linapita mara nyingi. "Godoro! Godoro!" na yule mbuzi. Mwanzoni nilikuwa nafunga dirisha. Sasa nafungua. Likifika usawa wa kwangu naliitikia, mtoto wa kwenye tangazo namwambia nenda baba, choo kiko nyuma.

Leo nimepita kwa Marcelo. Yeye si mwanzengo, anaongea na mimi. Kasema kuna mtu wa dawa ya kupe anatafuta sauti ya kutangaza minadani. Dawa ya kupe! Ng'ombe wote wa Simiyu watanisikia! Ila anataka kitu kisafi, bila mwangwi.

Nimefikiria sana, kwa makini, kama mtu aliyejifunza. Kosa langu siku ile nimeliona. Nilifunga mlango. Kesho nauacha wazi.

Kwa hiyo makochi natoa mapema, kabla Luhende hajaenda kwenye pamba. Nitayaweka upande wa barabarani, kule kuna kivuli. Magodoro ndani. Zoezi la koo nitalifanya kidogo tu, ila kutoka tumboni. Ni kurekodi, hakuna kingine. Mtu akielewa vibaya hilo ni lake.

Leo nimeosha vikombe vyote vya kabatini, na lile birika kubwa. Vikombe na mwangwi haviingiliani. Vilikuwa na vumbi tu.