Afisa Aliyeuita Mweria

Fidel aliunusa utajiri kabla hajauona. Wengine wakipita uchochoro ule wa Likoni huziba pua. Yeye alivuta pumzi, akatabasamu. Mtaro umeziba, maji machafu yamefika vizingitini, na kila mlango una mtu anayenung'unika. Penye manung'uniko, alijisemea, hapakosi riziki.

Kesho yake alirudi na koti la kung'aa, buti za mpira na ubao wa karatasi.

"Wakazi, hamjambo! Mimi ndiye afisa wa malalamiko. Lalamiko lako litaandikwa, litapigwa muhuri, litapanda juu. Ada ni mia mbili tu."

Watu waliopuuzwa miaka mitatu hawaulizi juu ni wapi. Walipanga foleni. Mmoja alilalamikia mbu, wa pili spika za jirani, wa tatu mbuzi wa jirani huyo huyo. Bi Swabra, mkongwe wa mtaa, alilalamikia foleni yenyewe. Fidel alimsikiliza kila mmoja kwa huzuni ya mfiwa, akaandika, akatia noti mkobani.

Mwisho alifika Mwanamkasi, kampakata binti yake Samiha, miezi saba, ngozi imejaa vipele.

"Mvua ikinyesha, maji ya mtaro huingia hadi chini ya kitanda chetu," alisema. "Mwanangu anakohoa. Na wingu lile unaliona."

"Pole sana, madam. Nimeandika: kitanda, kikohozi, wingu."

Mwanamkasi alichungulia. Karatasi ilikuwa nyeupe pe. Kalamu haikuwa na wino. Malalamiko ya mtaa mzima yalikuwa yameandikwa hewani.

Alifungua kinywa apige kelele, akakifunga. Angepiga kelele, mwizi angekimbia na mtaro ungebaki.

"Afisa," alisema kwa upole, "watu wana wasiwasi. Hebu wape neno moja kabla hujaondoka."

Fidel hakuzaliwa kukataa hotuba. Akapanda juu ya tofali. Alikuwa na maneno mawili matatu ya wenyeji, ya kuwalainishia, na leo akatoa lililo tamu kuliko yote.

"Ndugu zangu, mtaro huu ni wetu sote. Leo mimi naita mweria!"

Kisha Bi Swabra akapiga kigelegele kilichomshtua hata yule mbuzi.

Maskini Fidel, mtu wa bara, alijua mweria ni watu kusaidiana kazi. Hakujua lililobaki: hapa mtaani, anayeuita ndiye hupiga jembe la kwanza, na hatoki mpaka kazi iishe.

"Kumbe ndiyo maana ukaja na buti!" alisema Kazungu, mwashi, akimkabidhi jembe.

"Wazee, mimi nina mkutano ng'ambo ya feri..."

"Ng'ambo haihami, mwanangu," alisema Bi Swabra. "Ingia."

Kulia watu, kushoto watu, mbele mtaro. Akaingia.

"Huo mkoba utachafuka, afisa," alisema Mwanamkasi. "Nipe nikushikie."

Mtaa wote ulimtazama. Afisa gani atamwogopa mama mwenye mtoto? Akautoa, kama mtu anayeng'olewa jino.

Walichimba pamoja naye wanaume kwa wanawake. Ilitoka mifuko, likatoka godoro, ukatoka mguu wa kochi. Fidel alilia, akalaani, akachimba. Karibu na alasiri maji yalikoroma, yakatikisika, yakaondoka, na yeye mwenyewe akajikuta akishangilia kuliko wote.

Fidel alipotoka mtaroni, Kazungu alikuwa akishusha mifuniko ya zege na saruji kutoka kwenye mkokoteni. Mwanamkasi akamrudishia mkoba. Ulikuwa mwepesi.

"Pesa zangu!"

"Zako?" aliuliza Bi Swabra.

Fidel aliutazama umati, na majembe yao. "Za... malalamiko."

"Basi zimeshughulikia malalamiko," alisema Mwanamkasi. "Risiti imo humo, na kalamu mpya, hii ina wino. Nauli hatukukuwekea. Feri kwa miguu ni bure."

Mvua ilianza Fidel akiwa njiani. Maji yalipita mlangoni kwa Mwanamkasi bila hata kubisha, yakateremka zake, na Samiha akalala, kifua kimetulia, juu ya kitanda kikavu.

Ndani ya feri, abiria waliziba pua, wakamwachia Fidel nafasi ya watu sita. Wote walilalamika kwa sauti. Kalamu ilikuwa mfukoni. Hakuandika hata neno moja.