Siku Makarius Aliposhika Ungo

Wekeni simu chini, enyi wakazi wa Ruhuwiko, wa nyumba zenye geti na wa nyumba za matofali mabichi. Nanyi wa Lizaboni, mliozoea kuletewa habari zikiwa zimepungua njiani, sogeeni leo muipate nzima. Ni habari ya Makarius, ofisa ardhi, mpima mipaka ya watu, mwenye gari la kijivu, mzaliwa wa tumbo la Kunegunda. Na jinsi alivyotoka peke yake asubuhi ya Jumamosi kwenda kupambana na kilo mbili za mchele wa Namtumbo.

Chanzo cha vita kilikuwa jino.

Jumapili iliyotangulia, mbele ya wageni waliotoka kanisani, Bibi Kunegunda aliuma jiwe ndani ya wali, na gego lake la mwisho la upande wa kulia likavunjika kwa mlio uliosikika meza nzima. Bibi hakulalamika. Alifunika mdomo kwa pindo la khanga, akasema mchuzi umeungwa vizuri. Lakini mwanawe alisimama akamwambia mkewe, wageni wakisikia, "Oliva, hivi mchele huwa unauangalia kweli?"

Hapo ndipo amani ya nyumba ile ilipoanguka. Maana Makarius huyo alikuwa mtu wa kundi la Baba Mpya. Alikaa siku mbili ukumbini kwenye semina, akarudi na fulana nyeupe na cheti, na cheti kile kilining'inia juu ya televisheni kikishuhudia kwamba mwenye nyumba hii ni mshiriki wa kazi zote za nyumbani. Oliva, muuguzi aliyekuwa ametoka zamu saa mbili tu zilizopita, alikitazama cheti, akamtazama mumewe, akaingia jikoni akatoka na ungo, akamwekea mapajani.

"Baba Lidwina," alisema, "wali utapikwa tena humu siku utakapoupeta mchele wewe."

Siku sita wakala ugali, na siku sita maneno yao yalikuwa moja moja: chumvi, funguo, geti. Bibi aliusikia ukimya ule kutoka chumbani kwake, nao ulimuuma kuliko jino. Tena alijua mkosaji wa kwanza ni nani. Ni yeye aliyemfukuza Makarius jikoni kwa mwiko alipokuwa mdogo, akimwambia mwanamume hashiki ungo.

Jumamosi ikapambazuka. Shujaa akatoka uwanjani na fulana yake nyeupe, ameushika ungo kwa mkono wa kushoto kama babu zake walivyoshika ngao za ngozi ya ng'ombe walipoingia nchi hii. Akaiegemeza simu kwenye ndoo ili vita vyake virekodiwe na kundi lipate kuona. Akamimina mchele, akainua uso mbinguni, akarusha.

Mchele ukapaa. Uliporudi, ulirudi kila mahali isipokuwa kwenye ungo. Kuku saba wa Oliva, waliokuwa wakiota jua bila nia mbaya na mtu, waliona riziki inashuka, wakaja kwa jeshi, jogoo mbele. Na simu ikapigwa kumbo, ikaanguka kifudifudi, ikarekodi mchanga mpaka ilipozimika.

"Makarius," ikaita sauti ng'ambo ya uzio. Alikuwa Rupert, jirani, ambaye ndiye mwenyekiti wa Baba Mpya. "Umeolewa lini, ndugu yangu? Mbona hata kadi hatukuletewa?"

Shujaa akasimama wima, pumba kwenye nyusi. "Rupert, mlinzi wa uzio, mtawala wa viti vya plastiki, nisikilize. Wamekuwapo wanaume waliovuka Ruvuma imefurika, na wanaume waliofukuza simba kwa kuni ya moto. Lakini nani kati yao aliambiwa 'chumvi' na mkewe siku sita mfululizo, asiambiwe neno la pili? Mimi nimeambiwa. Niache nipigane."

Rupert akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatazama kidogo, na alichokiona hakuweza kukivumilia.

"Siyo hivyo, bwana. Unarusha kama unachota zege. Legeza viwiko. Ukishuka, uvute kwako, mawe yanajitenga yenyewe."

"Wewe umejuaje?"

Rupert akaangaza kushoto, akaangaza kulia. "Mke wangu yuko masomoni Mbinga tangu mwezi wa tatu," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi napetea bafuni." Akainama nyuma ya uzio, asionekane tena siku ile.

Bibi Kunegunda alikuwa mkekani barazani. Macho yake yamefifia, lakini mchele aliupima kwa sikio: ukirushwa vibaya hulia kama mvua kwenye bati, ukirushwa vizuri huvuma taratibu kama mtu anayefagia.

"Mwanangu," alisema, "njoo uketi hapa, unyooshe miguu. Zamani nilikufukuza. Leo nakuita."

Akaja, akaketi. Mama akashika viganja vyake vikubwa juu ya ungo, wakarusha pamoja, mara kumi, mara ishirini, mpaka bati likanyamaza na fagio likaanza. Kisha Makarius akachambua kwa vidole, punje kwa punje, mgongo umepinda, na mateka akawapanga kwenye kifuniko cha sufuria: mawe ishirini na matatu. Bibi aliona mambo mawili ambayo simu isingeyaona hata ingekuwa nzima. Mwanawe alikatiza vita ili kumpangusa pumba magotini. Na ile simu hakwenda kuiokota.

Oliva akapika. Bibi akapakuliwa wa kwanza, na Makarius hakugusa sahani yake. Aliukodolea macho mdomo wa mama yake kama mtu anayesomewa hukumu.

Kijiko cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu, upande wa kushoto, chini ya gego lililobaki, kikalia kitu: ko. Bibi akakisukuma kwa ulimi mpaka shavuni.

"Wali safi," alisema. "Sijakuta kitu."

Oliva naye akala. Katikati ya kutafuna akasita, akajifuta mdomo kwa karatasi, akaikunja karatasi ile kiganjani.

"Safi kabisa, baba Lidwina," alisema. "Na wewe kula sasa, mchuzi utapoa." Akamtazama mkwewe, wote wawili wakainamia sahani upesi.

Ndipo mshindi akanyanyuka, akautwaa ungo, akageuka huku na huku, uso ukamshuka. Amepima mipaka ya nusu ya mji, na katika nyumba ile ameishi miaka tisa.

"Hivi huu unatundikwa wapi?"

"Nyuma ya mlango wa jikoni," Oliva alisema akiinuka. "Njoo nikuonyeshe." Wakaenda wote wawili, na hawakurudi mapema.

Basi ikumbukwe, enyi wa Ruhuwiko, na watoto wenu wafundishwe, kwamba siku ile Makarius mwana wa Kunegunda aliushinda mchele wa Namtumbo, na jiwe halikuonekana hata moja. Bibi, akiwa peke yake mezani, alikitoa kile cha shavuni, akakifungia fundo dogo kwenye pindo la khanga yake, akalikaza, akajiongezea wali.