Neno la Kushusha Chuma

Jumatatu, 4 Agosti 1997. Lodwar.

Leo nimeweka rehani kichwa changu. Si chote. Ile sehemu ya kulalia tu.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa kwenye chai kwa Wahu, nyuma ya soko, mimi na Lokol. Lokol ni askari wa utawala mstaafu. Mpaka leo anatembea kama anakagua gwaride, na gwaride lenyewe ni kuku wa Wahu. Akaniuliza kama ni kweli naenda Kakuma kushindana kunyanyua vyuma. Nikasema kweli tupu. Jumamosi ya wiki ijayo, watu wa kambi ya wakimbizi na sisi wenyeji, na kuna kundi la wazee wa miaka hamsini kwenda juu. Akauliza, kwa sauti ya kufika barabarani, hao ni wazee wa kunyanyua au wa kunyanyuliwa.

Wahu akacheka mpaka akamwaga maziwa.

Damu ikanipanda. Nikasema nikirudi bila ushindi, Lokol achukue ekicholong yangu. Mungu wangu! Mdomo huu!

Ekicholong ni kigoda cha mzee. Mchana unakikalia, usiku unakilazia kichwa. Changu alikichonga baba yangu mwenyewe, na kimekuwa cheusi kwa mafuta ya vichwa viwili, chake na changu. Mzee asiye na kigoda anakaa mavumbini, na mbuzi wanampita wakimtazama usoni.

Lokol ameweka beberu wake mwekundu. Tumepeana mikono. Wahu ni shahidi.

Akai, mke wangu, hajui. Na hatajua.

Jumanne, 5 Agosti.

Akai anajua. Wahu!

Hakupiga kelele. Ingekuwa heri. Alisema tu kwamba siku kigoda cha mkwe wake kikitoka boma hili, nami nitoke nacho, nikiwa nimekikalia. Halafu akanipa uji nusu kikombe.

Jumatano, 6 Agosti.

Mazoezi. Pale gereji vijana wana ekseli ya lori, na kila upande wamefunga magia ya zamani. Wananiita Mzee Kreni. Nimejifunga tumboni mkanda wa kufungia mizigo ya punda. Mkanda mzuri. Punda hajalalamika.

Mabondia hupaka nini mikononi sijui, lakini sisi wa vyuma tunataka chaki, na chaki haipo. Nimepaka unga wa mahindi ya njano. Nikainama, nikashika, nikavuta. Chuma kikapanda! Nikasimama wima, kifua mbele, vijana wakipiga makofi. Ndipo mbuzi wa jirani akaja akaanza kulamba vidole vyangu. Ulimi wa mbuzi ni kitu cha ajabu. Nilicheka, nikaachia, ekseli ikaangukia sufuria ya chai ya fundi.

Nimefukuzwa mpaka Ijumaa.

Ijumaa, 8 Agosti.

Siku ya akili! Niliacha shule darasa la nne, na leo nimemfundisha mwalimu.

Mwamuzi wa Kakuma atakuwa Ngugi, mwalimu wa michezo, kijana aliyetoka Kenya juzi tu. (Sisi hapa mtu akivuka Kitale tunasema ameenda Kenya.) Alikuja gereji kutueleza sheria. Vijana watashindana mitindo yote mitatu. Sisi wazee mmoja tu, ule wa kuvuta chuma kutoka chini mpaka usimame wima. Daktari amekataa mingine. Sheria kubwa ni hii: ukishasimama nacho hushushi mpaka mwamuzi atoe neno. Ukishusha kabla ya neno, kitambaa chekundu, hesabu imekufa. Na neno lenyewe ni la Kiingereza: daun, yaani shusha.

Hapo kichwa changu kikafanya kazi.

Nikamwambia, mwalimu, sisi wazee Kiingereza kilitupita kwa mbali kama ndege ya chakula. Na wale wa kambi, huyu Mnuer, yule Msomali, yule Mkongo. Chukua neno ambalo kila mtu Kakuma analijua. Chukua ejok. Maana yake ni vizuri. Mzee amenyanyua, unamwambia vizuri, anashusha. Ngugi akafurahi kweli! Akasema ndiyo maana anapenda kukaa na wazee. Akaliandika kwenye kiganja.

Maskini. Ejok ndiyo salamu yetu, na jibu lake ni ejok nooi! Tunaisema tukiamka, tukikutana, tukiwa na mbuzi, tukiwa hatuna mbuzi. Katika kundi letu tuko wawili tu, mimi na Gatluak, fundi cherehani wa kambini, mrefu kama mlingoti wa redio. Gatluak akiwa ameshika chuma, mtu mmoja tu amsalimie vizuri. Chuma chini! Kitambaa chekundu! Na nani atamshtaki mtu kwa kosa la kusalimu?

Nimelala kwenye kigoda changu nikicheka. Akai ameuliza kama ninaumwa.

Jumapili, 10 Agosti.

Sasa nani atoe salamu? Sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Nikamkumbuka shemeji Lokiru, kaka mkubwa wa Akai, anayelima mahindi Katilu. Masikio yake yamekufa nusu, kwa hiyo anaongea kana kwamba wewe uko ng'ambo ya Turkwel na mto umefurika. Na hakuna kitu anachokipita bila kusalimu. Krismasi alisalimia kanisa zima, benchi kwa benchi, padre amesimama na mkate mkononi.

Ni hatari vilevile. Usipomjibu, ukoo wote unasikia. Siku ya harusi yangu alinisalimu nikiwa na nyama mdomoni. Nilijibu kwa kichwa. Hadi leo kwao naitwa Yule wa Kichwa. Tangu hapo, Lokiru akisema ejok, mimi najibu kabla hajafunga mdomo.

Nimempelekea ujumbe kwa dereva wa lori la mahindi. Aje moja kwa moja Kakuma, Jumamosi asubuhi. Akiona mzee ameshika chuma, asalimu kwa nguvu zake zote.

Alhamisi, 14 Agosti. Kakuma.

Nimefika na samaki wakavu wa Kalokol, wenye chumvi ya kumfanya ngamia atafute mto. Sababu? Kuna sheria nyingine: mkinyanyua uzito sawa, mwenye mwili mwepesi ndiye mshindi. Kesho tunapimwa. Gatluak ale samaki, anywe maji, avimbe!

Nilimkuta kwenye kibanda chake, anakanyaga cherehani. Nikasema ejok. Kimya. Nikasema tena. Kimya! Mguu unakwenda, macho kwenye kitambaa. Nikawaza, huyu ana kiburi, samaki hawa wamempata mwenyewe. Mshono ulipofika mwisho akakata uzi, akainuka, akainuka tena, maana urefu ule hauishi mara moja, akanikumbatia, akaniita ndugu yangu kwa Kiarabu cha Sudan. Akasema, "Ejok nooi, ya akhui. Usikasirike. Mshono ukiuacha katikati unakwenda kombo. Salamu inaweza kungoja."

Ana ile mistari sita ya Kinuer kwenye paji la uso. Mimi nina chale zangu za tumbo. Akasema tukisimama pamoja tunatosha kuwa ramani. Nikacheka, nikakasirika kwamba nimecheka.

Nikatoa samaki. Mkewe, Nyakuoth, alifurahi mpaka akaita majirani. Ila kwao mgeni ndiye anayekula kwanza, na ndiye anayekula zaidi, na kila nikisukuma sahani Nyakuoth anairudisha imejaa. Anasema mwanamume wa kunyanyua chuma hali kama shomoro. Gatluak alikula mkia.

Nimekunywa maji yote ya kibuyu. Sasa nakunywa ya jirani.

Ijumaa, 15 Agosti.

Tumepimwa kwenye mizani ya magunia. Gatluak, kilo sabini na tatu. Mimi, sabini na nne! Wiki iliyopita nilikuwa sabini na mbili. Nimebeba kilo mbili za maji ya Kakuma, na nyingine naisikia inacheza.

Maana yake tukitoshana, beberu amekwenda. Lazima nimpite.

Si neno. Nina neno.

Jumamosi, 16 Agosti.

Naandika nikiwa nimekaa chini. Zoea, mzee.

Uwanja ulijaa. Lokol alikuja na lori la asubuhi, akakaa mbele kabisa, kwenye jiwe, akaniambia kwamba anafanya mazoezi ya kukalia kitu cha heshima. Nilivaa kaptura, maana Ngugi alikataa shuka. Akasema anataka kuona magoti. Hakuna aliyewahi kutaka kuona magoti yangu.

Lokiru hakuwepo. Nikatazama barabara. Vumbi tu.

Mara ya kwanza, kilo mia moja na ishirini. Mimi nikavuta, nikasimama, Ngugi akasema ejok, nikashusha. Kitambaa cheupe. Gatluak akavuta. Nikaona Lokiru hatakuja, nikapiga kelele mwenyewe: "Ejok!" Akina mama wote wa mstari wa mbele wakaitikia: "Ejok nooi!" Gatluak? Kama nguzo ya tangi la maji! Macho kwa Ngugi, hatikisiki. Alipopewa neno akashusha polepole, akaja mpaka nilipo, akanipa mkono. "Ejok nooi, ya akhui. Samahani, nilikuwa na kazi mkononi."

Cherehani ile! Maisha yake yote amesalimiwa mshono haujaisha!

Mara ya pili, mia na arobaini. Yeye sawa, mimi sawa. Nilimsalimu tena, mara mbili. Alikuja kujibu zote mbili.

Mara ya tatu akajaribu mia na hamsini. Magoti yakakataa. Nikapiga hesabu ya darasa la nne. Tuko sawa, yeye mwepesi, kwa hiyo anashinda yeye. Nikivuta mia na arobaini na tano, ninashinda mimi. Nikaangalia kigoda changu, nilikuwa nimekiweka kando ya mstari ili baba aone. Nikapaka unga. Nikainama.

Chuma kilikataa. Nikakitukana kimoyomoyo, kwa Kiturkana. Kikasogea! Kikapita magoti! Masikio yakalia kama nyuki, mkanda wa punda ukakatika kipande, nikasimama wima. Wima! Vijana wakapiga mluzi. Lokol aliinuka kwenye jiwe. Ngugi akanitazama, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Lori likasimama kando ya uwanja. Juu ya magunia ya mahindi kukatokea kichwa.

"EJOK, SHEMEJI!"

Ninaapa sikufikiri. Mdomo ulijibu wenyewe. "Ejok nooi!" Na mikono ikafunguka, kwa sababu neno ni neno, na mkono wa kulia tayari ulikuwa umeshanyooshwa kumwamkua. Chuma kikaanguka, mbuzi wakakimbia.

Kitambaa chekundu.

Lokiru akashuka, akaushika ule mkono, akaanza. Watoto ejok? Mbuzi ejok? Mvua ejok? Nami namjibu! Ningefanyaje, niitwe tena Yule wa Kichwa? Nikamaliza mvua ndipo nikamgeukia Ngugi, nikadai haki. Nikasema neno lilitolewa, uwanja mzima umelisikia. Ngugi akasema neno ni la mwamuzi. Nikasema basi ni kosa la neno, limekaa vibaya. Akaangalia kiganja chake, akauliza taratibu, mbele ya watu wote: "Kwani Mzee Ekuru, nani alinipa?"

Lokol alicheka mpaka akalala chini. Baadaye hakulala chini tena. Alikuwa na kigoda.

Jumapili, 17 Agosti.

Kichwa kimelala juu ya jiwe la Lokol. Shingo inatazama Sudan, mimi nataka kutazama Lodwar.

Gatluak alikuja asubuhi. Amesikia habari ya kigoda. Amenishonea mto, kwa kitambaa cha gunia la unga, na ndani amejaza vipande vya nguo. Mshono umenyooka kabisa, hakuna aliyemsalimu njiani. Akasema, "Huu si wa baba yako, ya akhui. Lakini utafika nao nyumbani."

Nilimwambia nina vumbi machoni. Akasema Kakuma vumbi ni jingi.

Jumatatu, 18 Agosti. Lodwar.

Akai alitazama mto, akatazama mikono yangu mitupu. Sikufukuzwa. Kaka yake yuko hapa, na mbele ya kaka hafukuzi mtu. Lokiru amesema amekuja kupumzika kidogo. Amemaliza uji wangu na wa Akai.

Lokol anapita mbele ya boma, anaweka kigoda chini, anakaa, anapumzika, anaondoka. Amepita mara tatu. Nyumbani kwake ni upande mwingine.

Jumatano, 20 Agosti.

Habari njema! Desemba kuna mashindano Kitale, wazee wamo, Gatluak yumo, na Ngugi ndiye mwamuzi tena. Nimemfuata. Nimekiri kwamba ejok lilikuwa neno bovu, linasemwa sana. Tunataka neno adimu. Nimemwambia achukue "kwaheri". Akaangalia kiganja chake, akasema sawa.

Ni salama kabisa! Lokiru yuko kwangu tangu juzi, amekula kila kitu kasoro paa, na neno hilo halijamtoka hata mara moja. Nadhani halijui.

Nimeenda moja kwa moja kwa Lokol. Tumepeana mikono kwa Wahu: kigoda changu upande wake, mto wa Gatluak upande wangu. Akai amesikia kabla sijafika nyumbani. Amekaa chini, anacheka, hataki kusema kwa nini.

Lokiru peke yake ndiye anayeniunga mkono. Ameapa hatatoka boma hili kabla ya mashindano. Atanisindikiza mpaka Kitale, ashuhudie nikinyanyua, na hapohapo uwanjani ndipo ataniaga aende zake Katilu.

Hatimaye ataondoka! Nimemwomba aage kwa sauti, nisije nikakosa kumsikia.