Kumpa Kitukuu Changu Jina la Ukoo wa Watu

Al Warqa, Dubai

Kwa mjukuu wangu Maan bin Hashir,
Ofisini kwako, ghorofa ya ishirini na ngapi sijui, Jumeirah Lake Towers.

Baada ya salamu, na kwa heshima inayomstahiki msimamizi wa kompyuta, naleta malalamiko kuhusu uamuzi wako wa kumwita mwanao Nolan, ilhali marehemu mwanangu, baba yako, ameacha jina zuri la Hashir na halina mtu.

1. Umesema Nolan ni jina la mkuu wako wa kazi. Hilo ni la ukoo wake. Mwenyewe anaitwa Declan. Hapa Dubai kila mtu ni Mister na jina lake la kwanza, hata mimi kliniki ni Mister Thuwein. Basi uliposikia Mister Nolan, ukadhani ndivyo mama yake alivyomwita. Miaka mitatu unakunywa naye kahawa. Hongera.

2. Nimesoma, kwa kuwa wewe hukusoma. Kwao Ireland huandikwa Ó Nualláin, na hiyo Ó ni mjukuu. Nuallán mwenyewe aliitwa hivyo ama kwa utukufu ama kwa kupiga kelele; wataalamu wao hawajaafikiana. Kwa hiyo mwanao ni mjukuu wa mpiga kelele, na Hashir amevuliwa ubabu akiwa kaburini.

3. Ijumaa ni akika. Mwenye kisu ni mimi, na jina la mtoto hutajwa wakati wa kuchinja. Namhurumia kondoo. Mnyama wa watu ametoka Somalia akitaraji kufa kwa ajili ya mtu anayejulikana.

4. Mkeo Ashwaq, aliyeko kwetu tangu ajifungue, ananiambia, "Babu, ni jina tu, khalas." Kama ni jina tu, Declan na amwite mwanawe Al-Kharusi, jina la ukoo wetu, tuone kwao watamtazama vipi.

Naomba ulifute kabla ya Ijumaa. Mimi sitalitamka.

Bibi yako Tufaha anakusalimu, na Ashwaq pia. Mtoto hasalimu mtu mpaka ajue anaitwa nani. Nisalimie Declan na ukoo wake wote.

Ni mimi babu yako, ambaye jina langu bado hujalibadilisha,
Thuwein

Baada ya sahihi: Barua sijaifunga. Ashwaq alikwenda kuoga, mtoto akalia, tukabaki wawili. Nikamwita Hashir. Jina sikulimaliza, naye akazidi. Nikajaribu tena, sikuweza. Nikamwita Nolan, likatoka bila taabu, akanyamaza, akanitazama. Mwache aitwe hivyo hivyo.