Kondoo Mlangoni kwa Haji Bouchta

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakumjua Maati wa Kenitra, kule Moroko. Njia yake ilikuwa ndefu, pana, yenye kivuli, na kila alipochoka alimkuta mtu amemwekea kiti na bilauri ya chai ya nanaa.

Siku hiyo kiti kilikuwa cha baraza la jiji. Maati aliingia ukumbini kwa sababu nje jua lilikuwa linakaanga watu, na mle ndani mlikuwa na feni. Hakuwa na shida na serikali, naye alimwomba Mungu serikali isiwe na shida naye. Alikuwa ameanza kusinzia kwa heshima, kidevu juu, kama wasinziavyo wakubwa, pale diwani Bi Siham aliposimama kueleza hoja zake. Mjenzi atakayetenga sehemu ya jengo lake kwa familia zenye kipato kidogo, kwa bei ya baraza, asamehewe ushuru wa kiwanja. Na ili wajenzi wasifanye ujanja, wakazi wa mitaa wafunzwe uongozi. Msamaha usitoke mpaka viongozi wa mtaa husika wasimame ukumbini na kusema kwa vinywa vyao kwamba wameridhika.

"Viongozi hao wako wapi?" akauliza diwani mwingine.

"Bado hatujawapata."

Maati akafumbua macho yote mawili. Kuna watu wakisikia neno "bado" husikitika. Yeye alisikia mlango ukifunguliwa.

Alitoka pale moja kwa moja hadi mtaa wa Derb el-Bir, kwa Haji Bouchta, tajiri wa saruji, aliyekuwa anakaribia kumaliza kujenga ghorofa mkabala na nyumba yake ili aitazame asubuhi na jioni kama mtu atazamavyo mwana wa pekee. Haji alikuwa keshazisikia habari za baraza na keshapiga hesabu. Nyumba za bei nafuu angezitoa nyuma, zile zinazotazamana na matangi ya maji na mashine ya lifti. Za mbele, zenye hewa, angewauzia jamaa wanaorudi kutoka Ulaya kila kiangazi wakiwa wamevimba mifuko. Kilichomkera ni hao viongozi.

"Mimi ninao," akasema Maati.

"Umewatoa wapi?"

"Nawapika, Haji. Nipe muda waive."

"Wanauma?"

"Wanauma nikiwaambia. Nisipowaambia, wanapiga makofi."

Haji akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Unataka nini, Ustadh?"

Maati alikuwa akiishi katika kijumba cha juu ya paa, kati ya madishi ya televisheni na kamba za kuanikia nguo za wapangaji wengine. Tangu azaliwe, mto Sebou aliuona kupitia suruali za watu. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye jengo jipya.

"Ile ya ghorofa ya tatu. Yenye roshani. Aari yangu iko kwako, Haji."

Neno hilo la kumbana mtu asikatae ombi, aari, Maati alilitumia hata kwa dereva wa teksi aliyekataa kusimama. Haji naye alilitumia kwa fundi aliyechelewa. Kenitra nzima wanarushiana neno hilo kama maganda ya mbegu za alizeti. Haji akafungua droo, akamtupia ufunguo.

"Kaa nao. Baraza likinipitisha, hati ni yako. Lisiponipitisha, nitakuja kuutafuta huo ufunguo hata kama umeumeza."

Maati akafungua darasa la uongozi kwenye tanuri la mtaa, penye joto na wanawake, kwa maana mikate haijiivishi. Hakuhitaji kubembeleza. Nyumba za Derb el-Bir zilikuwa zimesimama kwa magongo kama wazee, na kila aliyelala humo alijua kwamba baraza litazibomoa. Swali lilikuwa watapelekwa wapi. Kulikuwa na uvumi wa uwanja mmoja nje ya mji, ng'ambo ya barabara ya malori, ambako basi hufika likijisikia.

Wa kwanza kuketi alikuwa Lalla Tamou, yaani Bibi Tamou, mjane, muuza mitumba, mwanamke mwenye mabega ya mpagazi na sauti ya kuamsha mtaa. Alimtazama Maati kwa muda mrefu. Kusema kweli, alilitazama koti lake la kijivu kuliko uso wake.

"Ustadh umesomea wapi uongozi?"

"Ng'ambo, Lalla."

"Ng'ambo ya mto?"

Wanawake wakaangua kicheko. Maati naye akacheka, maana tapeli asiyejua kuchekwa hafiki mbali. Kisha akaanza kufundisha, na hapo ndipo balaa lilipozaliwa, kwa sababu alifundisha vizuri. Mtu anayeishi kwa ulimi anajua siri za ulimi.

"Kiongozi haombi," aliwaambia. "Kiongozi anasema anachotaka, halafu ananyamaza. Ule ukimya mwachie mwenzako ahangaike nao."

"Na akikosea?" akauliza Yamna, ambaye ukuta wake wa jikoni ulikuwa umeanguka wakati wa mvua na sasa alipikia nyuma ya pazia.

"Kiongozi haombi msamaha. Akishaomba msamaha, kwisha habari yake."

"Maneno hayo matamu," akasema Lalla Tamou taratibu. "Hayo nayaweka."

Walipoiva, akawaeleza la kusema barazani: wameridhika na nyumba za nyuma, Haji ni baba yao, Mungu amzidishie. Hakuna aliyebisha. Lalla Tamou tu ndiye aliyekuna kidevu, akiutazama ufunguo aliokuwa akiuchezea Maati, wenye kibandiko cha ghorofa ya tatu.

"Ustadh, sisi tumelelewa. Mtu hushukuru kabla hajapewa. Waite madiwani waje kulitazama jengo, na sisi tumchinjie Haji kondoo."

Maati akaona roshani ikimkaribia. Jioni alipofika kwa Haji, wazo lilikuwa limeshakuwa lake, na usingeweza kumshawishi kwamba alilipata kwa muuza mitumba.

"Fikiri, Haji! Madiwani wanaona kwa macho yao jinsi watu wanavyokupenda. Kuskusi, vigelegele, kondoo mnono."

"Kondoo nani ananunua?"

"Upendo wa namna hiyo, Haji, hugharimiwa na anayependwa."

Haji akanunua dume lenye pembe za kujipinda, la kumpa mtu fahari.

Siku ilipofika, Bi Siham alikuja na madiwani wenzake, mafundi wakaacha kazi wakaja kuangalia, na mama yake Haji, Lalla Izza, bibi wa milimani aliyeteremka mjini na tabia zake zote za huko, akachungulia kutoka dirisha la juu. Haji alisimama mlangoni pa nyumba yake kwa jalaba jeupe na ndara mpya za njano. Maati akamvuta kondoo kuelekea uani, ambako jiko lilikuwa linangoja.

"Hapa hapa," akasema Lalla Tamou.

"Uani, Lalla, uani."

"Mshike miguu, Ustadh, asimpige teke diwani."

Maati akamshika miguu, akiwatabasamia madiwani. Kaka yake Tamou, mchinjaji, akasema bismillahi, na kisu kikapita. Damu ikatiririka juu ya kizingiti mpaka kwenye ncha za ndara za njano.

Vicheko vikakatika. Mafundi, wengi wao watu wa milimani, wakavua kofia zao za kazi. Ndipo Maati alipokumbuka kile ambacho mji mzima ulikisahau kwa kukisema ovyo: kabla ya kuwa neno la kumrushia dereva wa teksi, aari ilikuwa damu. Mwenye haja huimwaga mlangoni kwa mwenye uwezo na kutaja haja yake mbele ya watu. Mwenye nyumba akiikataa, aibu inahamia kwake na kwa kizazi chake. Wachumba wa binti zake wanaghairi, na hapati kibarua wa kumbebea hata ndoo ya maji.

"Haji Bouchta," akasema Lalla Tamou, "tumekutupia aari, sisi wa Derb el-Bir. Nyumba zinazotazama barabara ni zetu, kwa bei ya baraza, hapa hapa tulipozalia watoto wetu. Za nyuma wauzie hao wa Ulaya. Kelele za mashine wamezizoea."

Halafu akanyamaza.

Ulikuwa ukimya kama Maati alivyoufundisha, na ulifanya kazi kama alivyoahidi. Haji alihangaika nao. Alitazama damu, akatazama madiwani, akatazama ndara.

"Lakini kondoo nimemnunua mimi!"

"Damu haiulizi risiti, Haji."

Kutoka dirisha la juu kikapasuka kigelegele cha kizee. "Imepokelewa!" akapiga ukelele Lalla Izza. "Bouchta! Marehemu baba yako hakuruka damu hata siku moja, na wewe hutaanza leo ningali hai!"

Msimamizi wa mafundi akaweka mwiko wake chini, polepole, akamtazama tajiri wake usoni. Haji akaiona kesho yake yote ikiwa pale chini na ule mwiko.

"Imepokelewa," akasema.

"Na ile ya ghorofa ya tatu," akaongeza Lalla Tamou, "yenye roshani. Hiyo ni ya Yamna."

"Lalla," Maati akarukia, mikono ingali miguuni mwa kondoo, "hiyo kidogo ina..."

"Ina nini, Ustadh? Aliyeshika kondoo ameomba pamoja nasi. Au unataka kuikana aari mbele ya madiwani?"

Haji alikuwa anatafuta mtu wa kumalizia hasira, na sasa alimpata. Akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Ufunguo ukatoka mfukoni ukiwa na alama za vidole vyekundu.

Baraza lilipoketi, viongozi wa Derb el-Bir walisimama wakasema wameridhika, na safari hii haikuwa uongo. Hoja zote zikapita. Haji akasamehewa ushuru, akapigiwa makofi, na baada ya muda akaanza kusimulia kwamba nyumba za mbele zilikuwa fikra yake tangu awali. Bi Siham akatafuta mtu wa kuifundisha mitaa mingine uongozi, akampata Lalla Tamou. Maati aliyasikiliza hayo yote akiwa kwenye kile kiti cha chini ya feni, na kwa mara ya kwanza hakupata usingizi.

Akamfuata Tamou sokoni, kwenye rundo lake la mitumba.

"Ulijua tangu mwanzo."

"Hilo koti nilikuuzia mimi, mwanangu. Bitana nilishona kwa mkono wangu, uzi mweusi ulikuwa umeniishia nikatia wa buluu. Profesa wa ng'ambo anavaa uzi wangu wa buluu?"

Maati akatazama ndani ya koti. Buluu kabisa.

"Haya. Nimekufundisha kila unachokijua, umeninyang'anya nyumba, na kazi ya kufundisha wamekupa wewe. Sidai kitu, Lalla. Sema samahani tu, niende zangu."

Lalla Tamou akakung'uta shati la mtoto, akalikunja, akaliweka juu ya mengine. Akanyamaza mpaka Maati akaanza kuhangaika.

"Siombi," akasema. "Sogea kidogo, unanizibia wateja."