Uraibu Wangu na Nusu Keki ya Jirani

Jumatatu, 3 Juni

Wiki hii mkuu wa ofisi anaamua kama nitathibitishwa kazini au nitafungasha virago. Lazima nionekane mtu wa kujitawala. Tatizo: juzi nilimaliza keki nzima ambayo dada aliwaokea wageni wake. Nimesoma sana kuhusu hali hii. Ni uraibu. Dawa ya uraibu ni kuacha. Basi naacha kula.

Jumanne, 4 Juni

Tumbo tupu, kichwa chepesi. Jirani yangu wa meza, ambaye pia anaitaka nafasi yangu, alikula nusu keki, akafunika nusu nyingine kwa karatasi, akaendelea kugonga mihuri. Mtu anaachaje nusu? Nilimchunguza mchana kutwa. Hatimaye nikamuuliza. Akasema ameshiba tu, kisha akataka kujua mbona nakodoa macho kama paka wa buchani.

Jioni: mkate mzima, nimesimama mbele ya kabati. Sikusikia hata ladha. Ajabu. Asubuhi nilikuwa chuma.

Jumatano, 5 Juni

Adhabu ya mkate: maji matupu. Jirani alipotoka kidogo, nilifunua ile nusu keki yake ya jana ili niichunguze tu. Mkuu akaingia. Keki ilikuwa mdomoni mwangu, na kipande cha karatasi pia. Jirani akarudi, akasema eti yeye ndiye aliyenipa. Ana njama gani huyu?

Mkuu alinitazama nikishikilia meza nisianguke. Akasema hathibitishi karani anayekaribia kudondoka kitini. Kesho niende kwa daktari.

Alhamisi, 6 Juni

Dada amenisindikiza. Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza bila kucheka. Akasema wataalamu bado wanabishana kama chakula kinaleta uraibu. Lakini mwili ukinyimwa mchana hulipiza jioni, nami nikiuadhibu kesho yake, tunazunguka palepale. Huo ni ugonjwa, mwanangu, akasema, wala si uroho. Nile mara tatu kwa siku, hata kama jana nilivimbiwa, kisha nirudi wiki ijayo.

Dada akasema kumbe ndiyo maana kila nikirudi nyumbani najidai nimeshiba kazini. Akageukia dirishani, akajipangusa macho. Nikaahidi mbele yao wote wawili. Mara tatu, bila kukosa. Mimi si mtu wa kupuuza maagizo.

Ijumaa, 7 Juni

Agizo limetekelezwa. Kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni, vyote nimevila kabla dada hajaamka. Sasa siku nzima iko wazi. Sina haja ya kugusa kitu hadi kesho. Nashangaa daktari mwenyewe hakuliona hili. Tumbo linakaza kidogo. Nadhani ndivyo kupona kunavyoanza.

Wiki ijayo nitamwomba daktari ruhusa nile vyakula vya wiki nzima kila Jumatatu.