Uyoga Ulioshonwa kwa Uzi Mwekundu

Jumatatu, 15 Januari 1973. Kahama.

Mvua. Redio tatu zimeletwa, zote zimeingia maji. Wenyewe wanasema zilizimika tu bila sababu. Haya.

Athanas kaniaibisha. Ni fundi cherehani. Tunagawana baraza moja mbele ya duka la Mzee Mansukhlal, na uani kila mmoja ana chumba chake. Leo Limi kaja kuchukua sare yake. Limi ni nesi, binti wa wafugaji wa Mhunze, na mimi nikimwona nasahau hata waya upi unakwenda wapi. Athanas, huku anampima mkono (ulishapimwa wiki iliyopita!), kamwambia fundi Donatus siku hizi ni mtu wa dengu. Mchana dengu, jioni dengu. Limi kacheka. Kasema kwao mgeni akiandaliwa dengu anauliza ng'ombe wamekufa lini.

Nikasikia mdomo wangu unasema: Alhamisi njoo kwangu. Utakula steki.

Kakubali! Atapita akitoka kazini, ila awahi kurudi kabla geti la manesi halijafungwa. Nimerudi uani napiga mluzi. Hapo ndipo nikamwona Mama Girish, na mluzi ukaisha.

Mama Girish ni mke wa Mzee Mansukhlal, mwenye nyumba wetu. Mtu mwema sana. Nilipougua malaria alinipikia chai ya tangawizi kila asubuhi. Lakini uani kwake nyama haiingii, samaki haingii, yai haliingii. Ndiyo dini yake. Alituambia siku ya kwanza, tukaapa. Masele, aliyekuwa chumba hiki kabla yangu, alikula kuku kwa siri, mifupa akampa mbwa. Mbwa akabeba mfupa mmoja, akaenda kuulaza mlangoni pa chumba cha sala cha Mama Girish. Masele aliondoka siku hiyohiyo na godoro kichwani. Nasikia yuko Runzewe.

Na chumba kikienda, baraza nalo limekwenda. Fundi redio bila baraza ni mzururaji mwenye bisibisi.

Jumanne, 16 Januari

Mungu hamtupi mja wake! Nimefufua redio ya mwalimu mmoja, na sauti ya kwanza kutoka ni ya mama anayefundisha mapishi ya jioni, ya haraka, kwa watu wa kazi. Uyoga uliojazwa steki! Unakata steki vipande vidogo, kitunguu, pilipili manga, unavishindilia ndani ya uyoga, unakaanga, halafu jambo la muhimu kuliko yote ni... Redio ikafa. Nimeipiga makofi. Wapi!

Si kitu, nimekwisha kuelewa. Nyama iko ndani, uyoga uko nje. Atakayechungulia ataona mboga. Steki haina mfupa, kwa hiyo mbwa hana kazi. Na kila jioni Mama Girish anasali, kengele yake inalia, ubani unajaa ua mzima. Hata ukichoma fahali hanuki. Kengele ikianza, nawasha jiko. Ikinyamaza, tumekwisha kula na kupangusa midomo.

Masele hakuwa na akili. Mimi ninayo.

Jumatano, 17 Januari

Alfajiri Nyahanga, kutafuta uyoga. Kwa mvua hizi vichuguu vimetoa kwelikweli, akina mama wameupanga kwenye nyungo kando ya njia. Bibi mmoja kaniuliza mke wangu anaumwa nini. Nikasema sina mke. Basi mama yako? Mzima. Dada? Nikasema ninapika mwenyewe. Ebo! Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwanamume wa Kisukuma uyoga anaukuta kwenye bakuli, hautafuti. Nikadanganya ni dawa ya kutengenezea redio. Wakacheka zaidi, wakaniongeza fungu la bure.

Balaa nyumbani. Uyoga wa kichuguu ukishafunguka ni mpana kama mwavuli. Haushiki kitu. Nimejaribu kwa kuujaza mchanga, mchanga wote chini. Labda hilo ndilo lile jambo la muhimu.

Nikawaza. Nikapata. Vichwa viwili vya uyoga uso kwa uso, nyama katikati, unashona pembeni kama mto wa kulalia!

Nimemwendea Athanas kuazima sindano. Kauliza ya nini. Kifungo. Kauliza kifungo kipi, mbona shati langu halina hata kimoja? Nikamjibu ndiyo maana. Kanipa sindano na uzi mwekundu, jicho la pembeni. Mbea mkubwa yule.

Uyoga unashoneka kuliko khaki. Pengine nilikosea kazi.

Alhamisi, 18 Januari

Naandika tumbo likiwa tupu na koo linawasha. Nianze mwanzo.

Steki niliingiza uani ndani ya ganda la redio. Mama Girish akaniambia, Donatus, redio yako inadondosha. Nikasema imeingia maji. Akasikitika.

Limi kaja, kanga mpya, kamwamkia Mama Girish shikamoo, kaitikiwa marahaba mwanangu. Kengele ikalia. Nikawasha jiko, mafuta ya pamba yakachemka, mito yangu ikaingia mmoja mmoja. Salale, harufu! Ubani ukaifunika yote. Limi kauma wa kwanza, kafumba macho. Kasema Mhunze na ng'ombe wao wote hawajui kitu hiki. Akavuta uzi mwekundu katikati ya meno, akauliza ni nini. Pambo, nikamwambia. Akacheka mpaka machozi. Kala wa pili, kala wa tatu. Sijawahi kuwa na raha kama ile toka nizaliwe.

Kengele ikanyamaza. Mapema!

Mama Girish mlangoni, sahani ya halua mkononi, uso unang'aa. Athanas, domo kaya, alikuwa amenichongea kwake kwamba fundi Donatus anapika uyoga kwa siri. Yeye akasikia uyoga tu, akafurahi: kijana wake kaacha mambo ya nyama kwa moyo wake mwenyewe! Kafupisha sala aje kunipongeza. Akakaa juu ya boksi la vipuri, akatusimulia kwamba alipokuwa mdogo pale Shinyanga mjini, jirani yao Msukuma alikuwa akimpa uyoga wa karanga, na hajausahau mpaka leo. Akanyoosha mkono. Akachukua ule mkubwa kuliko yote.

Nikinyamaza, nabaki na chumba changu, baraza langu, Limi wangu. Pengine angemeza asijue milele. Lakini mama wa watu toka azaliwe hajatia nyama kinywani, na mimi nimekunywa tangawizi yake. Roho ikanisuta vibaya sana.

Nikaupiga mkono wake, sahani ikaruka. Nikapiga kelele: Usile, Mama! Uyoga wa sumu!

Ndipo nikakumbuka Limi kala mitatu.

Limi kanitazama, akamtazama Mama Girish, akaelewa papo hapo. Midomo kaibana asicheke. Lakini dirishani kikatoka kilio! Athanas! Kumbe nilipokwenda kufungua mlango alipitisha mkono akaiba miwili kwenye kikaango. Kaingia kashika koo, anasema anakufa, mama yake apelekewe cherehani. Siku za mwizi arobaini.

Mama Girish mbio, kaleta maji ya chumvi ndoo nzima. Limi kawa nesi kamili: kila aliyekula anywe. Athanas kanywa jagi zima. Nami nikapewa langu. Ningekataa vipi? Nikanywa. Limi mwenyewe akajipimia kijiko kimoja.

Athanas, baina ya kutapika na kutapika, akaanza kutubu. Eti anakufa lakini hajuti, maana nyama ile ilikuwa laini ajabu. Na tukiisha kumzika, tutoe dagaa aliowaficha kwenye mtoto wa meza ya cherehani.

Ndoo ikawekwa chini.

Mama Girish kauliza: nyama? Kautazama uyoga sakafuni, uzi mwekundu unaning'inia. Kanitazama mimi. Nikasema yote, toka dengu za Jumatatu. Na kwamba sumu haipo. Athanas akaacha kufa, akanitukana.

Nikaanza kukunja godoro.

Mama Girish kaniuliza jambo moja tu. Nilipopiga kelele, nilijua nitafukuzwa? Nikasema nilijua. Kidogo. Nilitumaini sumu itatosha. Akakaa juu ya boksi, akajifunika uso kwa sari, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Anacheka!

Hukumu: mimi na Athanas tusugue ua wote kwa majivu, kikaango kitoke, na mwezi mzima tule jioni mezani kwake, aone kwa macho yake kinachoingia midomoni mwetu. Limi kauliza kama na yeye ameadhibiwa, maana hajashiba. Kaambiwa aje siku yoyote.

Ijumaa, 19 Januari

Tumesugua mpaka magoti yamechubuka. Jioni dengu. Lakini dengu za Mama Girish, jamani! Nimeongeza mara tatu. Limi alikaa karibu yangu. Ule uzi mwekundu kaufunga kwenye saa yake ya kazini. Nimeona kwa macho yangu. Athanas naye kaona, kainamia sahani yake. Furaha kubwa.

Jumapili, 21 Januari

Nimetoka kanisani, nimetubu. Nimeapa sitamdanganya tena Mama Girish. Nimeapa kwa moyo wote.

Limi kanisindikiza mpaka sokoni. Kasema dengu ni tamu, ila wakati mwingine damu ya Mhunze inamwita. Nikacheka tu. Halafu nikaliona boga.

Boga kubwa! Tumbo kama pipa. Ukilitoboa juu na kutoa mbegu, kuku mzima anaingia bila kukunjwa miguu. Kwa nje boga, na Mama Girish mwenyewe kasema boga halipendi kabisa. Nani atakuja kuonja? Hii si kudanganya. Hii ni kupika.

Nimemwendea Athanas kuazima sindano, ile kubwa ya magunia. Safari hii hakuuliza ya nini. Kauliza paja litakuwa la nani. Tumeelewana.

Halafu kaniuliza mifupa tutaipeleka wapi. Huyu naye! Si yupo mbwa?